Kila zama na kitabu chake: nani mpigaji bora wa besiboli?

Ubishi wa nani bora, Pele, Maradona au Messi, hauishi katika baraza zetu. Kahawa hupoa vikombeni, adhana ikaadhiniwa, watu wakaondoka bila ya jibu. Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyezaliwa Mombasa akakulia Marekani, alikaa nasi akasikiliza, kisha akasema kwamba kule wanakobisha ni juu ya besiboli, tena wao wana hesabu za miaka zaidi ya 100.

"Basi hizo hesabu zasema nani?" ami mmoja akamuuliza.

"Zamani zilisema Ty Cobb. Tangu mwaka wa 2024 zasema Josh Gibson."

"Huyo Gibson bado acheza?"

"La, ami. Alifariki 1947."

Baraza zima likacheka. Vipi mtu aliyekufa 1947 ashike rekodi mwaka wa 2024? Kijana hakukosea. Na jibu la swali hilo latufundisha jambo kuhusu namna ya kulinganisha watu wa zama mbalimbali, hata kwa sisi ambao hatujapata kushika gongo la besiboli.

Kwanza tuelewe kinachohesabiwa. Katika besiboli mrushaji huvurumisha mpira, na mpigaji husimama mbele yake na gongo. Akiupiga, akakimbia na kufika kituo cha kwanza salama, huwa amepata pigo safi. Akiupeleka mpira nje ya uzio, huzunguka vituo vyote bila ya kubughudhiwa. Ukichukua mapigo safi ukayagawanya kwa idadi ya majaribio, wapata wastani wa mpigaji. Mtu anayefaulu mara 300 katika kila majaribio 1,000 huhesabiwa kuwa hodari, japokuwa ameshindwa mara saba katika kumi. Ndivyo ulivyo mgumu mchezo wenyewe.

Ty Cobb, aliyecheza kuanzia 1905 hadi 1928, alimaliza na wastani wa 367. Ted Williams wa Boston alipata 406 msimu wa 1941, na tangu hapo hakuna aliyefika 400 kwa msimu mzima katika Ligi Kuu. Mtu akizisoma namba hizi juu juu, atasema wapigaji wa zamani walikuwa majabali na wa leo ni wachovu.

Lakini muulize mvuvi yeyote wa Shimoni au Lamu. Aliyerudi na kolekole kumi wakati wa kusi kali, na aliyerudi na ishirini bahari ikiwa shwari ya kaskazi, ni yupi fundi zaidi? Hutomjibu mtu kwa kuhesabu samaki tu. Utauliza kwanza siku ile wavuvi wengine walirudi na nini.

Besiboli nayo ina kusi na kaskazi yake. Kabla ya 1920 mpira mmoja ulitumika mpaka ukachakaa na kuingia uchafu, na warushaji waliruhusiwa kuupaka mate ili uyumbe hewani. Mwaka huo wa 1920 mpira wa mate ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa wachache waliokuwa wameuzoea. Agosti ya mwaka huohuo mchezaji Ray Chapman wa Cleveland alipigwa kichwani na mpira akafariki, na baada ya hapo mipira michafu ikawa haivumiliwi. Mpigaji akawa anauona mpira vizuri, na mapigo yakaongezeka. Kufika miaka ya 1960 mizani ikageuka, warushaji wakatawala kupita kiasi. Basi mwaka 1969 wakuu wa mchezo wakakishusha kilima anachosimama mrushaji kutoka kama sentimita 38 hadi 25, ili mpigaji apate nafuu.

Sasa tazama hesabu mbili. Mwaka 1930 Bill Terry wa New York Giants alipata wastani wa 401. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski wa Boston aliongoza ligi yake kwa 301 tu. Tofauti ni 100 kamili, na kwa macho matupu Terry amemwacha mbali. Lakini ligi ya Terry mwaka ule, wachezaji wote wakijumlishwa, ilikuwa na wastani wa 303. Ligi ya Yastrzemski ilikuwa na 230. Kwa hivyo Terry aliwapita wenzake kwa asilimia 32, na Yastrzemski akawapita wake kwa asilimia 31. Wawili hawa walikuwa karibu sawa. Mmoja alivua kaskazi, mwingine kusi.

Hivi ndivyo wataalamu wa leo wanavyopima. Kuna kipimo ambacho mpigaji wa kawaida wa zama zake hupewa 100, kisha kila mtu akapimwa kwa hiyo 100, pamoja na kuangalia viwanja alivyochezea. Kwa kipimo hicho Barry Bonds yuko 182, Ted Williams 191, na Babe Ruth 206, yaani zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa kawaida. Mwaka 1920 Ruth peke yake alipeleka mipira 54 nje ya uzio, na katika ligi yake hapakuwa na timu nyingine iliyofikisha idadi hiyo.

Je, tumemaliza ubishi? Bado. Kuwapita wenzako kwa mbali kwategemea pia hao wenzako ni nani. Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba 400 haikutoweka kwa sababu wapigaji wamedhoofika. Imetoweka kwa sababu wachezaji wote kwa jumla wamekuwa bora, na pengo kati ya aliye juu na wa kawaida limepungua. Siku hizi mpigaji hukutana na warushaji watatu au wanne katika mchezo mmoja, kila mmoja akija na nguvu mpya. Kung'ara kati ya wanafunzi hodari ni kuzito kuliko kung'ara kati ya wavivu.

Hapa ndipo tunapofika kwa Josh Gibson.

Kwa takriban miaka 60, hadi 1947, Ligi Kuu ya Marekani haikumruhusu mchezaji mweusi. Yalikuwa makubaliano yasiyoandikwa baina ya wenye timu. Watu weusi wakaunda ligi zao. Gibson alizichezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords kuanzia 1930 hadi 1946. Alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na mlango ukafunguka. Gibson hakuuona.

Kwa miongo mingi matokeo ya ligi za watu weusi hayakuhesabiwa kuwa ya Ligi Kuu. Hayakuwamo kitabuni. Watafiti wakaanza kupekua magazeti ya zamani, hasa yale ya Wamarekani weusi, wakikusanya matokeo ya mchezo mmoja mmoja. Mwaka 2020 Ligi Kuu ilikiri kwamba ligi saba za watu weusi za kati ya 1920 na 1948 zilikuwa na hadhi sawa na yake. Mei 2024 hesabu za wachezaji zaidi ya 2,300 zikaingizwa kitabuni. Gibson, kwa wastani wa 372, akampita Cobb. Wastani wake wa 466 wa mwaka 1943 ukawa wa juu kabisa kwa msimu mmoja.

Wapo waliolalamika, na hoja yao moja ina uzito. Cobb alisimama kupiga zaidi ya mara 11,000. Za Gibson zilizothibitishwa ni elfu mbili na ushei. Misimu yao ilikuwa mifupi, na wastani wa majaribio machache hupanda na kushuka kwa urahisi. Hilo ni kweli. Lakini tujiulize uchache huo umetoka wapi. Gibson hakukosa bidii. Timu zao ziliishi kwa kuzunguka miji na vijiji zikicheza michezo ya kujitafutia riziki, ambayo haihesabiwi kuwa ya ligi. Bamba lake katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli lasema alipeleka nje ya uzio mipira karibu 800. Iliyothibitishwa katika ligi ni chini ya 200. Kumfungia mtu mlango, kisha ukamlaumu kwa kutoingia, si uadilifu.

Na hoja hiyo ina upande wa pili ambao husahaulika. Ikiwa Gibson hakukutana na warushaji weupe katika ligi, basi na Ruth na Cobb hawakukutana na weusi. Satchel Paige, mrushaji aliyeogopwa na kila mtu, aliingia Ligi Kuu mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Hiyo 206 ya Ruth imepimwa kwa wenzake waliochujwa kwa rangi.

Ted Williams alililitambua hilo mapema. Yeye mwenyewe alipoteza misimu mitatu mizima katika Vita vya Pili vya Dunia, na sehemu kubwa ya mingine miwili akiwa rubani vitani Korea. Alijua maana ya kunyimwa miaka. Alipoingizwa Jumba la Mashujaa mwaka 1966, alitumia hotuba yake kuomba Paige na Gibson nao wakumbukwe. Paige aliingizwa 1971, Gibson 1972.

Tuongeze na Hank Aaron. Mwaka 1974 alipoikaribia rekodi ya Ruth ya mapigo 714 ya nje ya uzio, alipokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa. Aliivuka, akamaliza na 755. Hakuna kipimo kinachoonyesha uzito huo. Bonds naye alifika 762, lakini jina lake limefungamana na kashfa ya dawa za kututumua misuli. Alikana kuzitumia kwa kujua, ila waandishi waliopiga kura kwa miaka 10 hawakumpa kura za kutosha kuingia Jumba la Mashujaa.

Basi nani bora? Kwa umbali aliowaacha wenzake, Ruth. Kwa wastani ulioandikwa, Gibson. Kwangu mimi Gibson ana haki zaidi ya kutajwa kwanza, kwa sababu ndiye aliyefanya makubwa kwa kupewa machache. Mwengine ana haki ya kunipinga, mradi aje na maswali matatu: wenzake wa zama zile walifanya nini, nani walizuiwa kushindana naye, na ni nani aliyekuwa akiandika.

Hilo la tatu ni la ami. Kijana alipomaliza kueleza, yeye alinyamaza kidogo akauliza: "Na ile michezo ambayo hakuwapo mtu wa gazeti?"

Kijana alisema hiyo imepotea. Ami akatikisa kichwa, akamimina kahawa nyingine.