Kurudisha Kumbukumbu za Shule Katika Saa Iliyokusudiwa

Mwalimu anayeanza kazi katika shule ya msingi siku hizi hukabidhiwa kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni daftari la mahudhurio, ambalo halijabadilika sana tangu enzi za walimu waliotufundisha sisi. Ya pili imo katika kompyuta. Majina ya wanafunzi wake yamo katika PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na kila mtoto anayo namba yake, ambayo huandamana naye anapohama shule na hutumika anaposajiliwa kwa mtihani. Mtoto wa Unyambwa akihamia Dodoma, daftari la karatasi hubaki Unyambwa, bali namba huenda naye. Kwa hiyo kosa moja katika kumbukumbu hizi laweza kumfanya mtoto aliye hai, anayeketi dawatini kila siku, aonekane kuwa hayupo.

Jambo tunalotaka kulieleza ni namna kumbukumbu zilizoharibika zinavyorudishwa katika hali ziliyokuwa nayo saa fulani kabla ya kuharibika, na namna ya kulifundisha jambo hilo kwa watoto wa Darasa la Tano au la Sita. Aghalabu mwalimu huwaambia wanafunzi kwamba nakala ya akiba itunzwe, akaishia hapo. Kutunza nakala ni nusu ya kazi, tena ni ile nusu iliyo rahisi.

Kanzidata ni mkusanyiko wa habari zilizopangwa kwa safu na mistari, kama leja, ila kompyuta ndiyo inayoandika na kusoma. Maadamu watoto wanaijua leja, somo lianzie hapo. Tuiwaze shule ya msingi katika kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, ambako wazazi wanachangia mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha watoto. Mwalimu wa ghala anayo leja. Ijumaa jioni alinakili leja yote katika daftari jingine, akalifungia kabatini: mahindi madebe 40, maharage madebe 12. Hiyo ndiyo nakala ya akiba. Jumatatu kazi ikaendelea, na katika daftari la tatu, ambalo tutaliita daftari la matukio, kila jambo likaandikwa lilipotendeka:

Saa 1:40 asubuhi, mahindi yameingia, madebe 6.
Saa 2:15, mahindi yametoka, madebe 3.
Saa 3:05, mahindi yameingia, madebe 5.
Saa 4:20, hesabu ya mahindi imefutwa yote.
Saa 4:50, maharage yameingia, madebe 2.
Saa 5:30, mahindi yameingia, madebe 4.

Mwalimu aandike leja upande mmoja wa ubao na matukio upande wa pili. Nakala ya Ijumaa iwe katika karatasi mikononi mwa mtoto mmoja, aliyeketi nyuma. Matukio yasomwe moja moja, na leja ibadilishwe kila mara. Lifikapo tukio la saa 4:20, mwalimu aifute hesabu ya mahindi kwa kifutio bila kusema neno, kisha aendelee na mawili yaliyobaki. Ubaoni sasa pataonekana mahindi madebe 4 na maharage madebe 14. Hapo ndipo awaulize: ghalani kuna mahindi kiasi gani?

Asikimbilie kujibu. Baadhi ya watoto watasema 4, kwa kuwa ndivyo ubao unavyosema. Wengine watamgeukia mwenye nakala ya Ijumaa na kusema 40. Majibu yote mawili ni makosa, na makosa hayo ndiyo mali ya somo hili. Sisi hatuipendi desturi ya kuandika maana ya maneno ubaoni kabla watoto hawajahangaika na swali. Neno “nakala ya akiba” litaeleweka vyema zaidi baada ya mtoto kuona kwamba nakala peke yake imemrudisha Ijumaa na kumpotezea michango ya wazazi wa Jumatatu.

Wakishakwama, waongozwe kuichukua nakala ya Ijumaa na kuyasoma matukio upya kwa mfuatano wake: 40, kisha 46, kisha 43, kisha 48. Wasimame kabla ya saa 4:20. Leja imerudi ilivyokuwa dakika moja kabla ya kosa. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Programu ya kanzidata huandika kwanza kila badiliko katika faili la matukio, ndipo inapobadilisha habari zenyewe. Na ndiyo sababu umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine huweza kuinuka na kuendelea bila kuchanganyikiwa. PostgreSQL, ambayo ni programu ya kanzidata inayotumiwa bure ulimwenguni kote, iliongezewa uwezo wa kurudisha habari katika saa iliyochaguliwa katika toleo lake la 8.0, lililotoka Januari 2005. Mtunza mashine huweka nakala ya zamani, huiambia programu isome matukio tangu hapo, na huitajia saa ya kusimama.

Mfuatano usichezewe. Wanaocheza bao watalielewa hili upesi. Katika bao la kete 64 mchezo huanza kila mchezaji akiwa na kete 10 tu ubaoni na 22 mkononi. Mtoto akipita na kulipindua bao, mchezo waweza kujengwa upya iwapo mchezaji anakumbuka kila mchezo uliochezwa tangu mwanzo. Lakini akisahau mmoja wa katikati, au akitanguliza wa nne kabla ya wa tatu, kete zitaangukia mashimo mengine na bao litakalopatikana litakuwa la mchezo ambao haukuchezwa kamwe.

Sasa liko swali ambalo mtoto mwerevu ataliuliza, na mwanachuo ajiandae nalo. Mbona tusiliruke tukio la saa 4:20 na kuendelea na yale ya saa 4:50 na 5:30? Kwa leja yetu yawezekana: 48 na 4 ni 52, na maharage 14. Yawezekana kwa sababu mwandishi wetu aliandika “yameingia madebe 4”. Angaliandika “mahindi sasa ni madebe 4”, kama alivyoyaona katika leja iliyofutwa, tukio hilo lingalileta kosa tena, hata baada ya kosa lenyewe kurukwa. Faili la matukio la kompyuta mara nyingi huandika hali mpya ya mstari, wala si nia ya aliyeuandika. Kwa hiyo njia hii ya kurudisha husoma mfululizo hadi saa iliyotajwa na kusimama. Hairuki tukio la katikati. Yaliyotendeka kwa haki baada ya saa hiyo hayana budi kuingizwa upya na watu, kwa kutazama karatasi zao. Mwalimu wa ghala aliyetunza stakabadhi za mchana huo atashukuru.

Katika hatua hii tungependa mwalimu asimame zaidi kwenye saa yenyewe, kwa kuwa hapa Mswahili anao mtego ambao vitabu vya kigeni haviutaji. Sisi twahesabu saa tangu jua lichomozapo. Saa 4:20 asubuhi kwetu ni 10:20 katika kompyuta. Tena mashine nyingi kubwa za kutunzia habari huandika kwa saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3, na kwa hiyo zitaliandika tukio hilo kuwa la 07:20. Tukio ni moja, saa zake ni tatu. Mwalimu akimpigia simu fundi na kusema, “Turudishie ilivyokuwa saa nne na dakika kumi na tisa,” naye fundi akachapa 04:19, kazi yote ya asubuhi hiyo itatoweka. Ilhali kila mmoja wao amesema kweli kwa saa yake. Zoezi zuri ni kuwapa watoto matukio yale sita wayaandike kwa saa zote tatu. Ni hesabu ya kawaida ya kujumlisha na kutoa, lakini mtoto huiona faida yake papo hapo.

Yafaa wanachuo wajue pia tukio moja la kweli. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu wa nchi nyingi, alikusudia kufuta habari katika mashine ya pili, akazifuta katika ile ya kwanza, iliyokuwa ikitumika. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kutunza nakala. Walipozitafuta, waliona kwamba nakala za kila siku zilikuwa hazitengenezwi, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilopatana na kanzidata, na barua za kuonya juu ya hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla ya msiba, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo 6 ilipotea. Kampuni yenyewe ilieleza mambo haya hadharani, jambo tunalolisifu.

Mashine ile ya pili yahitaji neno. Watu wengi huamini kwamba habari zikiandikwa katika mashine mbili kwa wakati mmoja, basi nakala ipo. Mashine ya pili husaidia ya kwanza ikifa. Lakini mtu akifuta jina katika ya kwanza, ya pili nayo hulifuta kwa utii, pengine kabla hajauondoa mkono wake.

Tumrudie mtoto. Chukua mfano wa msichana aliyeandikwa kimakosa mwezi wa Januari kuwa amehama, na kosa likagunduliwa wiki kadhaa baadaye, majina ya watahiniwa yanapohakikiwa. Shule inayotunza nakala za siku 7 tu haina msaada kwake: nakala zote 7 zinalo kosa lilelile. Ndiyo maana pamoja na nakala za kila siku zitunzwe na chache za zamani, tuseme moja ya kila mwezi na moja ya kila muhula. Na hata nakala njema ikipatikana, kanzidata yote isirudishwe Januari kwa ajili ya mstari mmoja, kwani habari za watoto wengine mia kadhaa za wiki hizo zingefutika. Nakala ifunguliwe katika mashine ya kando, mstari wa msichana usomwe, kisha uandikwe katika kumbukumbu za sasa kama tukio jipya, pamoja na sababu na jina la aliyerekebisha. Kwa mifumo ya taifa kazi hii si ya mwalimu. Yeye hupeleka taarifa kwa ngazi inayohusika. Lakini atakayeeleza kwa hakika ni siku gani kosa lilitendeka, na kuonyesha daftari la mahudhurio lenye alama za msichana huyo tangu Januari, ni yeye.

Kwa kumbukumbu ambazo shule yenyewe inazitunza, kama alama za majaribio na hesabu za ghala, nakala isilale katika droo moja na kompyuta. Moto, mwizi na mchwa havichagui. Ikitunzwa mahali pengine iwe na neno la siri, kwa kuwa habari za watoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kila muhula ufanywe mtihani wa nakala, kama tunavyofanya mtihani wa watoto. Mwalimu mmoja achague siku iliyopita bila kuwaambia wenzake, nakala ifunguliwe katika kompyuta isiyotumika kwa kazi, na majina 10 yalinganishwe na daftari la karatasi la siku hiyo. Iandikwe ni nakala gani iliyofunguka, ni ipi iliyokataa, na ni dakika ngapi zilizotumika. Wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha waombe kuushuhudia mtihani huo. Na palipo na shule isiyo na kompyuta, waufanye kwa leja ya ghala, kwa kuificha leja ya wiki hii na kumtaka mwalimu wa ghala aijenge upya kutoka kwenye nakala ya Ijumaa na stakabadhi zake, huku wakihesabu madebe yaliyomo.