Mafuta ya mama si ya mtoto

Wazazi, sisi walimu tunaona darasani watoto ambao uso umeanza kuwa mweupe, lakini masikio na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Wanapakwa kirimu ya mama, ile ya kujichubua. Jamani! Nyingine zina zebaki, hata kama kopo halisemi. Zebaki hupenya kwenye ngozi, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto ndio haujakomaa. Tena hubaki kwenye taulo na shuka, basi hata asiyepakwa anaipata. Someni kopo: mkiona «mercury» ama «calomel», acheni. Ngozi ikikauka, vaselini ya kawaida inatosha. Akiwa na vipele mpelekeni zahanati, na kopo mlibebe.