Kipimo Kikiisha, Kaswende Haijaisha

Agizo lenyewe halina utata: kila mjamzito apimwe kaswende anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, na akikutwa nayo achomwe sindano ya benzathini penisilini. Hakuna muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto Tanzania asiyelijua. Shida huanza siku vipimo vinapoisha. Mama atapimwa uzito na presha, atapimwa VVU, kisha ataambiwa kaswende tutaiangalia ukirudi. Kwenye rejesta ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, nafasi ya jibu lake inabaki wazi.

Mwezi ukiisha, muuguzi huyohuyo anakaa na rejesta, mara nyingi baada ya foleni ya wagonjwa kumalizika, na kujumlisha: waliopimwa, waliokutwa na maambukizi, waliotibiwa. Jumla inakwenda wilayani na kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta. Zahanati iliyopima wajawazito mia bila kumkuta hata mmoja inaandika maambukizi sifuri, na zahanati ambayo haikupima mtu mwezi mzima nayo inaandika sifuri. Kikao cha wilaya kikitazama safu ya maambukizi peke yake, zahanati hizo mbili zinafanana, na ile ya pili inaweza hata kupongezwa.

Gharama ya kutopima tunaijua, kwa sababu ilipimwa hapahapa. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 uliwaangalia wanawake waliojifungua bila kutibiwa kaswende. Miongoni mwa wale ambao vipimo vyao vilionyesha ugonjwa mkali, takriban mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Dawa ya kuzuia hilo ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na dozi moja ya yuniti milioni 2.4 hutosha kama ugonjwa ni wa karibuni.

Mwanza ina somo jingine. Kati ya 1991 na 1994, jamii 12 za mkoa huo zilishiriki jaribio la kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida vya serikali, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40 pale huduma ilipoboreshwa. Wengi wanakumbuka chati ya kutibu kwa dalili iliyotumika katika jaribio hilo. Mimi naamini uzito ulikuwa kwingine: watumishi walifundishwa, dawa zilifika bila kukatika, na wasimamizi walitembelea vituo mara kwa mara. Chati ni rahisi kuichapisha na kuigawa. Gari la usimamizi linahitaji mafuta kila mwezi, hata baada ya mfadhili kuondoka. Tena tiba ya dalili ina upofu wake. Mwanamke mwenye kisonono asiyeona dalili yoyote, na hao ni wengi, haingii kwenye hesabu ya mtu.

Turudi kwenye kipimo chenyewe: kwa miaka mingi kaswende ilipimwa kwa kipimo cha maabara kiitwacho RPR. Kipimo hicho kinataka damu ya mshipa, mashine ya kutenganisha seramu, mashine ya kuzungusha kadi kwa dakika nane, na friji ya kutunzia vitendanishi. Zahanati isiyo na umeme ilibidi itume damu kwingine, na majibu yakirudi mama ameshafika kijijini kwake. Kipimo cha haraka kiliondoa safari hiyo: tone la damu ya kidole na dakika 15 hadi 20. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwa wajawazito kipimo kimoja kinachosoma VVU na kaswende kwa pamoja, na hapo kaswende ikapata lifti kwenye gari la VVU, ambalo wakati huo kwa kawaida halikukosa mafuta. Pendekezo hilo naliunga mkono kwa moyo wote.

Lakini kipimo hicho husoma kingamwili, ambazo kwa kawaida hubaki mwilini hata baada ya mtu kupona. Mama aliyetibiwa miaka mitano iliyopita ataonyesha mstari tena. Mkoa uliobadili kipimo katikati ya mwaka unaweza kuona maambukizi yakipanda ilhali ugonjwa umebaki palepale. Kwa hiyo taarifa itaje kipimo kilichotumika, na itaje pia siku ambazo kituo hakikuwa na vipimo wala benzathini. Kati ya 2014 na 2016 dawa hiyo iliadimika katika nchi nyingi duniani, na mama aliyepimwa akakosa sindano alihesabiwa kama mafanikio ya upimaji.

Na bado kuna mwenza. Mama aliyetibiwa anarudi kwa mume ambaye hajapimwa, na sindano moja haimkingi na maambukizi mapya. Ningekuwa na nafasi ya kuuliza swali moja kwenye kikao cha wilaya, ningeomba rejesta ifunguliwe kwenye wale waliokutwa na kaswende mwezi uliopita, tusome jina kwa jina nani alichomwa sindano siku ileile na mume wa nani alikuja.