Kipakatalishi kinapokataa kuwaka baada ya radi

Wakazi wa Kericho na Bomet wanazifahamu vyema mvua za alasiri. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda hizi za juu, ikapoa na kuzaa mawingu mazito yenye radi na mvua ya mawe. Hali hiyo hustawisha majani chai, lakini ni hatari kwa vifaa vya umeme.

Si ajabu, basi, umeme ukipotea na kurejea ghafla, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga au karani wa kituo cha kununulia majani chai akapata kipakatalishi chake kimezima na kukataa kuwaka. Wengi hudhani kimekufa, na baadhi hununua kingine. Hata hivyo, mara nyingi hitilafu huwa ndogo, na huweza kutambuliwa nyumbani bila kufungua skrubu hata moja.

Jambo la kwanza ni kubaini aina ya hitilafu. Kuna kipakatalishi kisichoonyesha dalili yoyote ya uhai; kuna kinachowasha taa na kuzungusha feni lakini skrini ikabaki nyeusi; na kuna kinachoonyesha nembo ya kampuni kisha kikakwama. Kila hali ina chanzo chake.

Kisipoonyesha dalili yoyote, uchunguzi uanzie ukutani. Soketi ijaribiwe kwa kutumia taa au simu. Kisha chaja ikaguliwe: je, taa yake inawaka? Waya umekatika au kuungua mahali? Chaja hupokea umeme wa volti 240 na kuupunguza hadi volti 20 hivi, na kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na ukuta, aghalabu ndiyo huungua kwanza umeme unapopanda ghafla. Anayeazima au kununua nyingine ahakikishe volti zilizoandikwa juu yake ni zile zile, na ampea zisiwe chini ya zile za awali.

Chaja ikiwa nzima, mtumiaji aichomoe, aondoe flashi na vifaa vingine vyote vilivyounganishwa, kisha atoe betri ikiwa ni ya kutoka. Abonyeze swichi ya kuwasha kwa sekunde 30 bila kuiachilia. Hatua hii huondoa umeme uliosalia ndani, ambao huweza kuzuia mtambo kuanza upya. Kisha aunganishe chaja pekee na kujaribu tena. Kikiwaka bila betri, huenda betri ndiyo mbovu. Betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, kwani huweza kushika moto.

Feni ikizunguka huku skrini ikiwa nyeusi, kipakatalishi kiunganishwe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikionekana huko, tatizo ni skrini au waya wake. Isipoonekana, na hasa milio ya mfululizo ikisikika, huenda kumbukumbu ya muda, yaani RAM, imelegea au kuharibika. Hiyo ni kazi ya fundi, na maelezo ya idadi ya milio humsaidia sana.

Nembo ikionekana kisha mtambo ukwame, umeme unaingia ipasavyo. Programu au diski ndiyo yenye kasoro. Kwa Windows 10 na 11, kukizima mara tatu mfululizo wakati kinaanza kwa kawaida hufungua ukurasa wa ukarabati. Ni muhimu kuchagua njia ya kurekebisha uanzaji kabla ya kufikiria kufuta kila kitu.

Kipakatalishi kilichomwagikiwa chai ya maziwa kina masharti yake. Kizimwe mara moja, kichomolewe, kifunuliwe na kuinamishwa ili maji yatoke, na kisiwashwe kwa majaribio. Sukari na maziwa huacha utando unaokula saketi hata baada ya kukauka, hivyo kinahitaji kusafishwa ndani. Kukifukia kwenye mchele hakuondoi utando huo.

Mwenye kifaa akifika kwa fundi, hoja ya kwanza iwe data. Kipakatalishi huweza kufa ilhali diski yake ni nzima, na tasnifu au hesabu za mwaka mzima zikasomwa kupitia mashine nyingine. Fundi aambiwe waziwazi asifute diski bila idhini. Ikiwa diski imefungwa kwa msimbo wa usalama, ufunguo wake utahitajika.

Kifaa cha kudhibiti umeme husaidia unapopanda na kushuka, lakini hakiwezi kuhimili radi iliyopiga karibu. Kinga ya hakika ni kuchomoa chaja mawingu yanapoanza kutanda, kabla ya ngurumo kukaribia, na kuweka nakala ya kazi muhimu nje ya kipakatalishi kila wiki. Chaja hununuliwa dukani. Tasnifu iliyopotea haiuzwi popote.