Kabla ya Kununua Stoki, Jua Mteja wa Mtandaoni Anataka Nini

Umepokea mgao wako wa chama, shilingi 20,000, na unataka kuanza kuuza mtandaoni. Tuseme umechagua viatu vya wanawake wenye miguu mikubwa, saizi 42 kwenda juu. Marafiki wanakuambia, "Hiyo itauza sana!" Lakini sifa za rafiki hazilipi kodi ya nyumba. Ukinunua jozi 16 kwa shilingi 1,200 kila moja, shilingi 19,200 zimeenda. Zisiponunuliwa, utakaa nazo chini ya kitanda.

Soko dogo kama hili lina uzuri wake: mteja aliyehangaika kupata saizi yake akikupata, hurudi. Ila wateja wenyewe ni wachache, kwa hivyo kosa dogo linaumiza. Fanya utafiti kwanza. Hauhitaji pesa nyingi, unahitaji simu, daftari na subira.

1. Sikiliza kwanza

Tembelea kurasa za wauza viatu kwenye Facebook, Instagram na TikTok. Usiangalie picha tu, soma maoni. Nani anauliza "Mko na 43?" bila kujibiwa? Wanataka vya ofisini, vya harusi ama raba? Wanalalamika kuhusu bei, au kiatu kilikuja kikibana? Andika maneno yao jinsi yalivyo na uhesabu yanayojirudia. Baadaye, maneno hayo hayo ndiyo utakayotumia kwenye tangazo lako.

Unaweza pia kutumia Google Trends, ambayo ni ya bure. Chagua Kenya, kisha uone watu wanatafuta nini na ni miezi gani. Kwa bidhaa ya watu wachache, huenda ikakosa data ya kukuonyesha. Hiyo haimaanishi hakuna wateja. Rudi kwenye maoni.

2. Uliza yaliyopita

Ukimuuliza mtu, "Ungenunua viatu vyangu?" atasema ndiyo ili asikuvunje moyo. Tafuta watu kama kumi hivi wanaovaa saizi hizo, wasiwe marafiki zako pekee, na uwaulize:

- Mara ya mwisho ulinunua kiatu lini, na wapi?
- Ulilipa pesa ngapi?
- Ni nini kilikusumbua?
- Ulipokosa saizi yako, ulifanya nini?

Swali la mwisho lina uzito sana. Anayesema alinunua kiatu cha kiume, ama alimtuma fundi amshonee, ana shida ya kweli na tayari ametoa pesa kuitatua. Anayesema "Niliachana nayo tu" huenda asinunue hata kwako.

3. Wacha pesa iseme

Nunua jozi 4 pekee kama sampuli. Hizo ni shilingi 4,800, na bado una 15,200 mkononi. Piga picha safi, pima urefu wa soli kwa sentimita, kisha weka bei pamoja na gharama ya kutuma kifurushi. Anayetaka saizi ambayo hauna, mwombe malipo ya awali kidogo, kama shilingi 300, na umwambie siku atakayopata kiatu. Ukishindwa kukileta, mrudishie pesa yake yote bila kuzungushana.

Watu 20 wakiuliza "Bei?" na mmoja tu alipe, usikimbilie kushusha bei. Waulize kwa upole kilichowazuia. Pengine kutuma mzigo ni ghali, au hawajakuamini bado. Wakilipa wengi wa saizi 43 na hakuna wa 45, umeshajua stoki inayofuata ni ipi.

Pokea malipo kwa nambari ya biashara, usiyachanganye na pesa za nyumbani. Mwisho wa mwezi, linganisha taarifa ya malipo na daftari lako: nani alirudi, alinunua nini, siku gani watu hulipa zaidi.

4. Linda mteja wako

Mtu akikulipa, hajakupa ruhusa ya kumtumia matangazo kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka upate idhini yake kwanza kabla ya kutumia habari zake kibiashara. Mwulize, "Nikipata saizi yako nikujulishe?" Akikataa, heshimu hilo. Na wewe pia jilinde: hakuna mteja wala "mhudumu" anayehitaji PIN yako ili akulipe. Hakikisha malipo yameingia kwenye akaunti yako kabla ya kutuma mzigo, usitegemee picha ya ujumbe aliokutumia.

Wahenga wa sokoni husema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Ukiuza mtandaoni, fanya mahesabu mengine asubuhi pia, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Leo jioni anza na hatua moja: fungua kurasa tatu za wauzaji, soma maoni, na uandike maswali matano ambayo hayajajibiwa.