Antena ya gari nayo huokoa maisha

Familia nyingi za Temeke na Kinondoni zina baba, kaka au dada anayeendesha gari la watalii au la mradi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, au Ruaha. Huko kuna sehemu simu haishiki. Mtu akiumwa na nyoka au gari likipinduka, tegemeo ni redio ya upepo.

Si jambo geni. Madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, walitegemea redio kupokea maombi ya msaada kutoka vijijini.

Lakini redio nzuri yenye antena mbovu ni pambo tu. Antena hufaa zaidi katikati ya paa la bati. Gari lenye paa la kufunguka hufungwa kwenye bampa au pembeni mwa boneti. Kitako chake kiguse chuma kitupu, kisicho na rangi wala kutu.

Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri ili kuzuia moto. Fundi aipime antena. Isipolingana na redio, redio huweza kuungua. Watoto wasiishike mtu anapoongea, kwani inaweza kuunguza ngozi.

Masafa ya kutumia yaombewe kibali TCRA.

Kabla dereva hajaondoka, ajaribu kuita na kujibiwa. Nanyi mnaobaki nyumbani, muwe na namba ya simu ya ofisi inayosikiliza redio hiyo.