Mshipa wa Shingo Ukiziba: Kisu au Stenti?

Wagonjwa wengi huiona stenti, kibomba cha wavu kinachoutanua mshipa kwa ndani, kuwa ndiyo njia nyepesi, kwa kuwa shingo haipasuliwi. Kwa mzee wa miaka 75, mara nyingi kisu ndicho salama zaidi.

Kwa kawaida stenti huingizwa kupitia ateri ya kinena, ikafuata waya hadi kwenye upinde wa aota kifuani, ndipo ipande shingoni. Mishipa ya mzee imepindapinda na kukakamaa kwa chokaa. Waya ukikwaruza kuta zake, vipande vya utando wa mafuta hubanduka na kukimbilia kwenye ubongo. Kuna kichujio kinachofunguliwa kama mwavuli mbele ya stenti, lakini hufunguliwa baada ya waya kuvuka aota.

Mpasuaji huchana ngozi kando ya koo, akaubana mshipa juu na chini, akaufungua na kuubandua utando ule mgumu wa manjano, kisha akashona. Hapa moyo ndio hulemewa zaidi. Pia neva zikiguswa, sauti inaweza kukwaruza kwa wiki kadhaa.

Utafiti wa CREST wa Marekani na Kanada, uliochapishwa 2010, ulilinganisha njia hizi kwa wagonjwa 2,502. Jumla ya madhara ilikaribiana. Lakini katika kipindi cha matibabu, kiharusi kiliwapata asilimia 4.1 ya waliowekewa stenti na 2.3 ya waliopasuliwa. Shtuko la moyo, 1.1 dhidi ya 2.3. Stenti ilielekea kuwafaa walio chini ya miaka 70, upasuaji waliozidi hapo. Mimi sikubali kwamba matokeo hayo ni “sawa”: anayepooza mkono hafanani na aliyepata shtuko dogo la moyo akapona.

Shingo iliyowahi kupigwa mionzi ya saratani ni habari nyingine; huko stenti hutangulia hata kwa mzee.

Asiye na dalili yoyote kwa kawaida huanzia kwenye dawa: aspirini, statini, presha kudhibitiwa, sigara kuachwa. Ila mkono ukifa ganzi kwa dakika kumi, au jicho moja likaingia giza kisha likafunguka, usiseme umepitiwa na upepo. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mshipa ukiwa umeziba asilimia 70 au zaidi, uzibuliwe ndani ya wiki mbili.

Na kabla ya kutia sahihi, muulize daktari ni wagonjwa wake wangapi hupata kiharusi au kufariki. Kwa wenye dalili, wakizidi 6 kati ya 100, tafuta mwingine.